Wamekuja Kumzika Diriye Katikati ya Mtihani

Kama ulikosa gazeti wiki jana, usijilaumu. Hukukosa raha yoyote. Diriye hajaonja raha tangu tuanze kumsimulia.

Kwa kifupi ni hivi. Shirika alilolitumikia miaka na miaka lilifunga ofisi yake ya Garissa. Likaja jingine, na mradi mkubwa wa maji: visima, matangi na mabirika ya mifugo toka Modogashe hadi Habaswein. Bi Hinda, mkurugenzi wake, alimpa Diriye ukaimu wa meneja siku ile ile aliyomwona. Angempa nani mwingine? Visima karibu vyote vinavyotoa maji upande ule, Diriye alikuwapo vilipochimbwa.

Kisha wafadhili wakauliza swali moja. Ana cheti?

Si cha chuo. Cha chuo anacho, kimetundikwa sebuleni kwa mamake na kinafifia kwa jua. Walitaka kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, kile ambacho wenye nacho hubandika herufi tatu nyuma ya majina yao, hata kwenye kadi za harusi. Diriye hakuwa nacho. Akaambiwa akilete kabla ya Alhamisi, la sivyo kiti kitapata mwenyewe.

Mara ya kwanza alipangiwa kuufanya mtihani Nairobi. Mto Tana ukafurika, ukaimeza barabara, naye akashinda ndani ya basi akitazama maji. Mara ya pili akapangiwa kuufanya nyumbani, kwa kompyuta. Umeme ukakatika kabla hajajibu hata swali moja.

Leo ni Jumatano. Nafasi aliyobakiwa nayo ni hii tu.

Basi asubuhi hiyo Ugbad, mkewe, alimkuta anazunguka sebuleni akijisomea kwa sauti.

"Mdau ni mtu yeyote anayeathiri mradi au anayeathiriwa nao. Mdau ni mtu yeyote..."

"Hata ngamia?" Ugbad akauliza.

"Ngamia si mtu."

"Lakini yeye ndiye anayekunywa maji."

"Ugbad, tafadhali. Si leo."

Ugbad akaweka chai mezani. Ni mwanamke wa maneno machache, ila siku hiyo aliamka nayo mengi.

"Kisima cha Sangailu alisimamia nani?"

"Mimi."

"Kinatoa maji?"

"Kinatoa."

"Hizo herufi zilikuwa wapi siku hiyo?"

Diriye akafunga kitabu kwa kishindo. Alikuwa amechoka na swali hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alijiuliza kila alipoinama kusujudu.

"Kitabu si kibaya," akasema. "Kuna mambo humu ningeyajua mapema, pampu zetu zisingekaa kiangazi kizima zikingoja vipuri. Nimejifunza, nakubali. Linaloniudhi ni kwamba bila kitabu hiki mimi si kitu. Nimekesha nyikani na mafundi, nimepatanisha watu waliotaka kukatana mapanga kwa ajili ya birika la mifugo, halafu mtu ambaye hajawahi kukanyaga Modogashe ananiuliza kama najua kusimamia mradi!"

"Basi mwambie."

"Nitamwambia nikishapata cheti."

Ugbad akacheka, cheko la mtu aliyechoka. Hata mimi nilicheka niliposimuliwa, ingawa si jambo la kuchekesha.

Kitabu chenyewe kinafunza kwamba meneja hodari huwaza kila kitakachoharibika kabla hakijaharibika. Diriye alikisoma, akakiamini, akakifuata neno kwa neno. Umeme usimwaibishe tena, akaazima jenereta dukani kwa shemeji yake, ikaletwa alfajiri kwa mkokoteni wa punda. Muuza maji asije kugonga lango katikati ya mtihani, akaagiza madumu ya siku kadhaa yaje pamoja na hiyo jenereta. Watoto wasipige kelele, wakapelekwa kwa bibi yao kabla jua halijachomoza. Hata sala ya alfajiri aliisali nyumbani, kwa kuwa msikitini kuna wazee ambao wakikushika mkono hawakuachilii mpaka jua liwake.

Na wageni? Lango likafungwa kwa kufuli, na Ugbad akapewa ufunguo.

"Asiingie mtu," Diriye akamwambia. "Hata akiwa nani. Mimi siruhusiwi kusema neno. Wananitazama kwa kamera na kunisikiliza kwa kinasa sauti. Nikifungua mdomo nimekwisha."

"Na akija adeer yako?"

Adeer ni ndugu wa baba. Adeer Kulow ndiye aliyemlea Diriye baba yake alipofariki, na ni mzee wa kisima kule Modogashe, mwenye kupanga zamu za maji.

"Adeer yuko Modogashe," Diriye akasema. "Hawezi kuja."

Kabla hajakaa alitazama simu. Kulikuwa na ujumbe wa Deeq, ulioingia jana jioni. Deeq ni kijana aliyefunzwa kazi na Diriye mwenyewe, na yeye herufi tatu anazo, alizipata mwaka jana. Wafadhili walimtuma Modogashe pamoja na lori la kuchimbia, ashikilie mambo hadi Diriye apasi. Ujumbe ulisema: "Aboowe, kaka yangu, fanya mtihani kwanza. Mengine tutaongea baadaye."

Mengine yapi? Diriye hakuuliza. Akaizima simu na kuipeleka chumba cha pili, kama kanuni zilivyotaka.

Kompyuta ikawashwa. Msimamizi wa mtihani akajitokeza kwa sauti tu, sauti ya upole ya mtu aliye mbali sana, ikizungumza Kiingereza.

"Zungusha kamera nione chumba chote."

Diriye akazungusha.

"Ondoa kofia."

Akaondoa.

"Hizo shanga mezani ni za nini?"

"Ni tasbihi. Za kusalia."

"Ziondoe. Na hayo maandishi ukutani?"

Diriye akageuka. Ilikuwa Ayatul Kursi, kwenye fremu ya dhahabu, zawadi ya harusi yao.

"Ni aya ya Kurani."

"Hayaruhusiwi maandishi yoyote chumbani. Iondoe tafadhali."

Diriye akasimama. Akatamani kumuuliza huyo bwana kama anadhani Mungu ameandika majibu ya usimamizi wa miradi kwenye Ayatul Kursi. Akameza hasira yake. Akaishusha fremu, akaibusu Bismillah yake kwenye kioo, akampa Ugbad mlangoni.

"Hata hii?" Ugbad akanong'ona.

"Hata hiyo."

"Sasa nyumba inalindwa na nini?"

"Na kufuli," Diriye akasema, na mara akajuta kulisema.

Mtihani ukaanza.

Nikwambie ukweli, ulianza vizuri. Maswali yalikuja, naye akayala moja baada ya jingine. Mafundi wamegoma, ufanyeje? Aliwahi kugomewa. Kijiji kimegawanyika juu ya mahali pa kujenga, ufanyeje? Aliwahi kukaa chini na vijiji vya namna hiyo. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alihisi kwamba kitabu na yeye wanazungumza lugha moja. Jenereta inanguruma nje, intaneti imetulia, jasho linamtiririka kwa raha. Akasema moyoni: leo napasi.

Ndipo akasikia watu langoni.

Sasa sikia mambo ya mtaa. Katika bulla ile, ndiyo mtaa wao, jenereta huingia nyumbani kwa mtu kwa sababu mbili tu, harusi au msiba. Harusi wangeisikia. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa ameona jenereta ikiingia alfajiri. Akaona maji mengi yakiingia. Akaona watoto wakiondolewa kungali giza. Mumewe akarudi toka msikitini akasema Diriye hakuja kusali, jambo ambalo si la kawaida. Na sasa lango limefungwa.

Maji mengi, watoto hawapo, mwanamume hakuonekana msikitini, lango limefungwa. Wewe ungewaza nini? Mtaa mzima uliwaza jambo moja: maiti anaoshwa.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," jirani alisema nje ya lango. "Ugbad! Abaayo, dada yangu! Bole sana. Fungua sisi."

Diriye alisikia kila neno dirishani. Macho yake yakabaki kwenye kioo cha kompyuta.

"Pole ya nini?" Ugbad akajibu kwa kunong'ona. "Nyamazeni, tafadhali."

"Tumeleta chai. Wanaume nao wanakuja na sanda. Diriye amekufa saa ngapi?"

"Hajafa!"

"Hajafa? Sasa ni nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa!"

"Basi ni mgonjwa. Fungua tumuombee dua."

"Si mgonjwa. Anafanya mtihani. Kwa kompyuta."

Diriye akapumua. Akabonyeza jibu.

"Mtihani?" jirani akasema, na sauti yake ikapanda. "Mtu mzima, ya ndevu nyeube, anafanya mtihani? Ugbad, usitufiche. Sisi ni jirani yako. Kama mwanamke anaongea maneno kama haya, wallahi huyu amechanganyikiwa na uchungu. Mshikeni kama akianguka!"

Na hapo, wasomaji wangu, kilio kikaanza. Wanawake wa watu wakaanza kumlilia Diriye kwa mapenzi yote, na wanaume waliokuwa wamefika wakaanza kusoma Yasin barazani mwa jirani.

Kisanduku kikajitokeza kwenye kompyuta. "Nasikia sauti za watu. Hili ni onyo. Hakikisha uko peke yako."

Diriye alikuwa peke yake! Aligeuza kiganja juu mbele ya kamera kuonyesha: tazama, sina mtu. Kisanduku kingine kikaja. "Usifanye ishara za mikono."

Akaubana mdomo. Anasomewa Yasin akiwa hai, na haruhusiwi hata kukohoa. Hasira ilimjaa mpaka herufi zikacheza machoni. Alisoma swali moja mara tatu bila kulielewa.

Lakini ni mtu mgumu, huyu. Alijikaza. Nje, Ugbad naye akafanya kazi ya kiume. Akatoka, akafunga lango nyuma yake, akaanza kuwaelezea mmoja mmoja kwa upole. Kilio kikapungua. Wasomaji wa Yasin wakanyamaza, wakachanganyikiwa, wakaamua kunywa chai iliyoletwa kwa ajili ya msiba. Maswali yakabaki machache. Diriye akaona mwisho.

Likaja swali. Mdau mwenye ushawishi mkubwa, ambaye hakualikwa, anaingia katikati ya kazi yako. Meneja wa mradi afanye nini kwanza?

Diriye akatabasamu kidogo. Akapeleka kidole kubonyeza.

Teksi ya bajaji ilisimama nje kwa breki ya kelele. Akasikia mtu anashuka, fimbo inagonga lango, na Ugbad anasema kwa haraka, "Adeer, subiri, adeer, subiri kidogo!"

Nani amzuie adeer? Ugbad hawezi kumshika baba mkwe wake mkono, na majirani ndio kabisa, walimpisha wenyewe wakidhani amekuja kuzika. Ufunguo alimpokonya Ugbad bila hata kumtazama. Viatu vyake vikasikika uani, kisha barazani. Mlango wa sebule ukafunguka kwa nguvu.

Mzee Kulow akasimama mlangoni, kilemba kimemfunguka, machozi yamelowanisha ndevu zake za hina. Alikuja kutazama uso wa maiti. Akakutana na uso wa Diriye, mzima, unatoka jasho mbele ya kompyuta.

Akaegemea fimbo yake.

"Assalamu alaykum," akasema.

Diriye alijua. Tangu asubuhi alikuwa akijua. Akifungua mdomo amekwisha, aliyasema mwenyewe. Lakini salamu hujibiwa. Diriye amejibu salamu tangu siku aliyojua kusema, usingizini amezijibu, na aliyemsalimu sasa ni mzee aliyemlea, amekuja akilia akidhani amemkosa. Mimi nisingeweza kunyamaza. Sijui wewe.

"Wa alaykum salaam, adeer," Diriye akasema.

Kioo cha kompyuta kikawa cheupe. Kisha maneno: "Mtihani wako umesitishwa. Umezungumza na mtu aliyeingia chumbani."

Basi.

Diriye akayatazama maneno hayo. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akamwita msimamizi. "Halo? Bwana? Nilikuwa najibu salamu tu! Ni salamu!" Sauti ya upole ilikuwa imeondoka, na aliyekuwa akizungumza naye sasa ni jenereta peke yake.

"Kuna nini, adeer?" mzee akauliza. Kama ilivyo desturi, naye humwita mwana wa ndugu yake kwa jina hilo hilo.

Diriye alitaka kupiga ukelele. Alitaka kuichukua ile kompyuta aitupe kisimani. Lakini utampigiaje ukelele mzee anayekulilia? Alitoka akapita uani, akalipiga teke dumu la maji, likapasuka, maji yakamwagika miguuni mwa majirani. Aliporudi, adeer yake alikuwa amekaa kwenye mkeka anajifuta uso.

"Mimi natoka kwa ofisi ya ile mama, Hinda," mzee akaeleza. "Nakaa hoteli, nakunywa chai. Mtu wa bulla yenu anakuja, ananishika mkono, ananiambia bole, Diriye anaoshwa sasa hivi. Nimeacha chai hapo hapo. Hata fiatu sikufaa fizuri."

"Umekuja Garissa kufanya nini, adeer? Na kwa Bi Hinda ulifuata nini?"

Uso wa mzee ukang'aa. Ni uso wa mtu aliyeleta habari njema na akasahau kuitoa.

"Nimekuja kumaliza mambo yako! Jana lori inafika Modogashe, sisi wazee tunaenda kumpokea Diriye. Tunaona ndani ni kijana, Deeq. Tunamuuliza, Diriye yuko wapi? Anasema Diriye hana cheti. Tukasema, hii cheti inajua wapi maji ni ya chumvi? Inajua malisho ya nani yataingiliwa tukichimba hapa? Hiyo lori haichimbi mpaka Diriye akuje."

Diriye akamsogelea.

"Mmefanya nini, adeer?"

"Hakuna. Hatukumbiga mtu. Deeq tumembea maziwa, tumemlaza kwangu, ni mtoto mzuri. Lakini lori haliendi." Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bunda la funguo na kulitikisa kwa furaha. "Na asubuhi nimemwambia yule mama na wazungu wake kwa televisheni ya ofisini: bila Diriye, hakuna maji, hakuna mradi."

"Uliwaambia wafadhili? Wakisikia?"

"Wakisikia, wakiona. Nimewaambia kwa adabu."

Diriye akakaa chini. Kile kitabu alichokisoma miezi yote, kama kuna jambo moja kinalolikataza kwa herufi kubwa, ni mtu kutumia jamaa zake kulazimisha apewe kazi. Na adeer yake mpenzi amekwenda mwenyewe, kwa nauli yake, kumharibia jina mbele ya wale wale aliokuwa akiwahangaikia. Kwa mapenzi! Angekuwa adui angejua la kufanya.

"Adeer," akasema, "leo nilikuwa nafanya mtihani wa hicho cheti. Nilikuwa nakaribia kumaliza."

"Haye, sawa. Sasa umemaliza?"

"Wewe umenisalimia. Nikakujibu. Wakanifukuza."

Mzee hakuelewa mara moja. Alipoelewa, furaha yote ikamtoka usoni.

"Wamekufukuza kwa salamu?"

"Kwa salamu."

"Na mimi ndiye nimesalimu?"

Ugbad alikuwa ameshaingia na simu mkononi. Ilikuwa inaita tangu aiwashe.

"Ni Bi Hinda," akasema. "Amepiga mara nyingi."

Simu ya Diriye husikika kwa spika tu, ilianguka kwenye simiti mwaka jana ikaharibika sikio. Akaipokea, sauti ya Bi Hinda ikajaa sebule nzima.

"Diriye, Alhamdulillahi. Mtu ameniambia umekufa."

"Karibu nife, Bi Hinda."

"Umesikia ya Modogashe?"

"Nimesikia sasa hivi."

"Wafadhili wameniuliza kama wewe ndiye uliyewatuma hao wazee."

"Wallahi sikumtuma mtu."

"Mimi nakuamini. Sasa nisikilize vizuri. Deeq amenipigia, ameacha kazi. Anasema cheti chake hakiwezi kuliwasha lori wala kuwashawishi wazee, na mtu wa kuweza yuko Garissa anafanya mtihani." Akashusha pumzi. "Mtihani umekwendaje?"

"Umekwenda vibaya. Umekwisha."

"Achana nao. Nimezozana nao asubuhi nzima, nikawaambia hao wazee wamesema ukweli hata kama njia yao ni mbaya. Wamekubali uchukue kazi. Leo. Bila cheti."

Diriye alidhani hakusikia sawa.

"Bila cheti?"

"Bila cheti."

Mafuriko, umeme, usiku wa kukesha na kitabu, Ayatul Kursi kushushwa ukutani, watu kumsomea Yasin akiwa hai. Yote hayo kwa jambo ambalo sasa halihitajiki! Alitaka kucheka na alitaka kulia, na lililomtoka lilikuwa kama kikohozi. Ugbad alifumba macho akasema Alhamdulillahi. Mzee Kulow akainua kichwa.

"Lakini wana sharti," Bi Hinda akasema.

"Sharti gani?"

"Dereva anasema funguo za lori zilichukuliwa na mzee mmoja, usiku, ila yeye ni mgeni, hamjui kwa jina. Deeq anajua na amekataa kusema. Polisi wako hapa ofisini kwangu. Lori ni mali ya watu, Diriye, wamefungua kesi ya wizi. Wafadhili wanataka jina litoke kwako wewe, wajue uko upande wa mradi au uko upande wa wazee. Ukilitaja, barua yako ya kazi iko mbele yangu naitia sahihi. Ukisema hujui, lori linageuzwa leo jioni na mradi unahamishiwa kaunti nyingine. Modogashe wangoje mvua."

Nje majirani walikuwa wamesogea dirishani, na chai zao mkononi.

Kumtaja adeer yako kwa polisi ni jambo ambalo mtu hulala nalo maisha yake yote, na watoto wake wakalirithi. Diriye alilijua hilo. Na ng'ombe wanaokufa kwa kiu Modogashe aliwajua kwa rangi zao.

Mzee Kulow alikuwa amesikia kila neno. Akainuka polepole, akajifunga kilemba chake vizuri kama mtu anayejiandaa kwa safari, akaziweka funguo mezani mbele ya kompyuta.

"Taja mimi, adeer," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Maji yaje."

"Diriye?" Bi Hinda akaita. "Bado uko?"

Diriye akazichukua zile funguo. Akamtazama mkewe, naye Ugbad akamtikisia kichwa: usithubutu.

"Bi Hinda," akasema, "shika kalamu, uandike." Alichomwandikisha nitakusimulia wiki ijayo.